Risiti yako isije ikawa karatasi tupu

JE, umewahi kuitoa risiti kibetini ukakuta maandishi yametoweka? Hukurogwa. Karatasi itokayo katika mashine ya kadi haiandikwi kwa wino. Huandikwa kwa joto, na maandishi ya aina hiyo hayadumu kama ya wino.

Jambo hili lamhusu mwenye duka, na lamhusu pia mama, baba na mwanafunzi. Friji au kompyuta ikiharibika kabla muda wa dhamana haujaisha, aghalabu muuzaji atakudai risiti. Ukimpa karatasi nyeupe, huenda safari yako ikaishia mlangoni.

Karatasi hiyo imepakwa kemikali zisizo na rangi upande mmoja. Ndani ya mashine mna sehemu ndogo inayopata moto, nayo huzipasha kemikali hizo hadi zikageuka kuwa nyeusi. Ukitaka kuujua upande wenye dawa, ukwaruze kwa ukucha. Utaona alama nyeusi. Roli ikiwekwa kinyume, mashine hutoa karatasi tupu, na asiyelijua hili atamwita fundi bure.

Nunua mita, si roli

Ikiwa familia yako ina duka, kinyozi au mkahawa wenye mashine ya kadi, usiende kununua roli kwa kukisia. Mashine nyingi za kushika mkononi hutumia karatasi yenye upana wa milimita 57, na roli yenyewe huwa na kipenyo cha milimita 40. Zile kubwa za kaunta mara nyingi hutumia milimita 80 kwa 80. Tazama kijitabu cha mashine, au ubebe roli iliyokwisha ukaipime. Iliyo nene kupita kiasi haiingii, na kifuniko kikilazimishwa huvunjika.

Kisha uliza urefu. Roli mbili zaweza kufanana kama mapacha, lakini moja ikawa imezungushwa kwenye bomba pana la katikati au kulegezwa, hivyo ina karatasi chache. Bei ya chini hapo si nafuu. Gawa bei kwa mita ndipo ulinganishe.

Chukua mfano wa roli ya mita 18. Ikiwa risiti moja ina urefu wa sentimita 15, na kila mauzo hutoa nakala mbili, hutumia sentimita 30. Basi roli hiyo yatosha mauzo 60. Duka lenye wateja 30 wa kadi kwa siku litamaliza roli moja kila siku mbili, yaani takriban 15 kwa mwezi. Fanya hesabu yako hivyo, uongeze chache za akiba, hasa kabla ya Krismasi na wiki ya kufungua shule.

Hata hivyo, usijaze ghala kwa sababu umepunguziwa bei. Karatasi hii huzeeka. Iweke mahali pakavu, penye ubaridi na giza, ndani ya pakiti yake. Wakazi wa Mombasa na miji mingine ya Pwani wazidi kuwa waangalifu kwa ajili ya joto na unyevu. Zilizonunuliwa kwanza ndizo zitumike kwanza. Ukiona mstari wa rangi pembeni mwa karatasi, jua roli inakaribia kwisha. Ibadilishe kabla mteja hajapiga foleni.

Maadui wa risiti

Mwanga wa jua huyafifisha maandishi. Mafuta ya kujipaka, dawa ya kutakasa mikono yenye spiriti, gundi ya selotepu na baadhi ya mifuko ya plastiki laini hufanya vivyo hivyo. Joto kali nalo huigeuza karatasi nzima kuwa nyeusi. Kwa hivyo usiiache risiti juu ya dashibodi ya gari, wala usiipige pasi ili kuinyoosha!

Ukifika nyumbani na risiti ya kitu cha thamani, itoe nakala kwa mashine ya fotokopi siku hiyo hiyo au uipige picha kwa simu. Ile asili itie katika bahasha ya karatasi, pamoja na kijitabu cha dhamana.

Mfanyabiashara ana sababu zaidi. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka wa 2015 humtaka atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Risiti iliyofifia mwaka wa pili haitamtetea mbele ya maafisa wa ushuru.

Neno moja kuhusu afya. Baadhi ya karatasi hizi zina kemikali iitwayo BPA, ambayo wataalamu wanaihusisha na kuvuruga homoni mwilini. Umoja wa Ulaya uliiwekea kikomo kikali katika karatasi hizi kuanzia Januari 2020. Muulize muuzaji roli zisizo na BPA. Risiti isifungiwe mandazi, wala mtoto asipewe aichezee mdomoni.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Siku hizi daftari la wengi ni kijikaratasi hicho kilichokunjwa mfukoni. Kikague leo, kabla hakijawa cheupe.