Je, Wajua? Mbolea ya Mpanda na Ziwa Lisilo na Mlango

Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Maji ya Mto Katuma hupita maeneo ya kilimo ya Mpanda, hukatiza Hifadhi ya Katavi, kisha huelekea Rukwa kupitia Mto Kavuu. Humo jua huvukiza maji, virutubisho vya mbolea vilivyosombwa na maji hayo vikabaki kuneemesha mwani. Mwani ukifa na kuoza, samaki hukosa oksijeni.

Mbolea ya urea huyeyuka upesi. Mvua kubwa huisomba hadi mtoni kabla mahindi hayajaifyonza. Mboji huachia naitrojeni polepole, tena huufanya udongo ushike maji.

Samadi mbichi, tusidanganyane, ikirundikwa kando ya mto huchafua vilevile. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.