Senti ya Tundu Kwanza

Ndugu wafanyakazi, leo tunaziweka kando habari za likizo na saa za ziada ili tujibu swali mnalotuuliza kila mkutano wa tawi unapokwisha hapa Masinya. Mnajua kwamba sisi watu wanne wa tawi hili tunakusanya sarafu. Wako waliotucheka wakisema mtu anayehifadhi hela isiyonunua hata chumvi amerukwa na akili. Wako pia waliokuja na vikopo vya marehemu babu zao, wakivitikisa mbele yetu na kuuliza kama humo mna utajiri. Na tangu tulipomaliza mkusanyo wetu wa kwanza, swali limekuwa moja tu: sasa zifuate zipi, na kwa fedha gani?

Mkusanyo wa kwanza ulikuwa mwepisi. Tulichukua sarafu za Uganda zilizoanza kutolewa mwaka 1998: ya shilingi 50 yenye swala, ya 100 yenye ng'ombe wa pembe ndefu, ya 200 yenye samaki na ya 500 yenye korongo. Tukaongeza ile ya 1,000 iliyotolewa mwaka 2012 kuadhimisha miaka 50 ya uhuru. Jumla yake ni shilingi 1,850, na zote tulizipata katika chenji yetu wenyewe. Hapo hapana aliyelala njaa.

Lakini sarafu za zamani hazirudi katika chenji. Hizo hununuliwa, na mahali penye kununua pana mitego. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba kila mmoja wetu atoe shilingi elfu mbili siku ya mshahara, basi. Jumla ni elfu nane kwa mwezi. Fedha ya unga, ada ya watoto na mchango wa chama haziguswi, hata kama muuzaji ameapa kwa kaburi la mama yake.

Sheria hiyo ilitokana na msiba wa mwenzetu mmoja, mkata miwa. Alikutana sokoni Busia na mchuuzi mwenye shilingi tatu kuukuu, zile zenye simba amesimama mbele ya milima. Mchuuzi akamwambia ni fedha tupu, sonara yeyote wa Kisumu angezigombania. Mwenzetu akatoa fedha aliyokuwa amepewa na mkewe akanunue madaftari na sare ya mtoto. Alipotuletea tuliziangalia mwaka: moja ya 1948, mbili za 1952. Hatukujua tumwambieje. Mtoto alikwenda shule na sare ya mwaka uliotangulia, imembana makwapani, na nyumbani kwa yule ndugu hapakuwa na maneno kwa muda mrefu.

Shikeni jambo hili, kwani linaweza kuokoa mshahara wa mtu. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza kutolewa mwaka 1921 ilikuwa na fedha robo tu. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni shaba. Hata ile ya zamani kabisa, basi, si fedha tupu. Zilizotolewa tangu mwaka 1948 hazina fedha hata chembe, ni shaba na nikeli. Simba ni yuleyule na milima ni ileile, na kwa mbali huwezi kuzitofautisha. Mwaka ndio unaosema kweli. Mchuuzi hutaja bei moja kwa zote, naye ataendelea kufanya hivyo maadamu wanunuzi wanatazama simba badala ya kusoma tarakimu.

Kwa sababu hiyo mkusanyo wa shilingi zenye simba tumeuweka nyuma. Tutaufikia, tukiwa na uzoefu.

Kijana wetu, ambaye husoma kila karatasi inayofungiwa maandazi, alitaka tuanze na mambo makubwa. Alitaja sarafu za Mombasa za mwaka 1888, zenye mizani, zilizotolewa na ile kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani kabla ya serikali yao kuja yenyewe. Akataja na sarafu ya dhahabu ya Tabora ya mwaka 1916 yenye ndovu. Habari ya Tabora inatupendeza, kwani Wajerumani walipofungiwa njia ya bahari vitani waliigonga sarafu hiyo ndani ya karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Fikiri, ndugu wa reli: karakana kama yako, na badala ya kutoka vipuri inatoka rupia kumi na tano za dhahabu! Lakini bei yake ni ya matajiri wa ng'ambo, na za bandia zimejaa. Tulimwambia kijana hadithi aibaki nayo, sarafu awaachie wenyewe.

Ubishi wa kweli ulikuwa baina ya mikusanyo miwili.

Upande mmoja zilisimama sarafu za kwanza za uhuru. Mwaka 1966 Kenya, Uganda na Tanzania kila moja ilifungua benki kuu yake na kutoa hela yake. Kenya iliweka uso wa Mzee Kenyatta, Tanzania uso wa Mwalimu Nyerere. Uganda haikuweka uso wa mtu. Shilingi na senti 50 zilipata korongo, na zile senti ndogo za shaba nyekundu zikapewa pembe mbili za ndovu. Za Tanzania ndizo zenye kuchekesha: senti 5 ina samaki, senti 20 ina mbuni, senti 50 ina sungura, na shilingi ina mkono ulioshika mwenge wa Uhuru. Mtoto akizipata nchi tatu hizo amepata somo la siasa bila mwalimu. Tena ni rahisi. Mwezi wa Mei 1987 Uganda ilibadili hela, shilingi mia za zamani zikawa moja mpya, na juu yake serikali ikakata asilimia thelathini. Senti zilizokuwa vikoponi hazikuwa na kazi tena. Ndiyo maana mpaka leo mtu huzikuta chini ya kitanda cha bibi.

Upande wa pili ilisimama senti kumi ya tundu, na hiyo ndiyo tuliyoichagua.

Vijana hawaijui, basi tuieleze. Ni sarafu ya shaba nyekundu, pana kuliko shilingi yenyewe ingawa thamani yake ilikuwa sehemu ya kumi ya shilingi. Katikati ina tundu la kupitisha uzi, na pande mbili za tundu zimesimama pembe za ndovu, zilezile ambazo Uganda ilizirithi baadaye. Upande wa pili kuna taji na jina la mfalme. Uso haupo, kwani mahali pa uso pana tundu.

Sababu ya kwanza ya kuichagua ni mpaka wetu. Hela ile ilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika, na Zanzibar ikaingia mwaka 1936. Mtu wa Masinya aliyekwenda kuuza kuku upande wa Kenya alirudi na senti ileile aliyoondoka nayo. Leo tunavuka na kubadilisha noti kwa hasara, lakini senti ya tundu tunaikuta katika nyumba za pande zote mbili. Moja tuliikuta paani, imepigiliwa msumari kama washa ya bati!

Sababu ya pili ni kwamba mkusanyo unamalizika. Hatutafuti kila mwaka, maana huo ni mzigo usio na mwisho. Tunatafuta moja kwa kila utawala: George wa Tano, Edward wa Nane, George wa Sita, Malkia Elizabeth, na ya mwisho ya mwaka 1964, isiyo na taji wala jina la mtawala, kwa kuwa uhuru ulikuwa umekwisha kuja. Ni sarafu tano tu. Atakayependa baadaye ataongeza herufi ndogo zinazoonyesha ilikogongwa: H na KN ni viwanda vya Birmingham, SA ni Pretoria, I ni Bombay. Vita vilipoifanya bahari kuwa ya hatari, hela yetu iligongwa na wafanyakazi wa Afrika Kusini na Bara Hindi.

Sababu ya tatu hatukuipigia kura, ila kila mmoja wetu anayo moyoni. Hii ndiyo hela waliyolipwa wazee wetu mashambani. Mwaka uleule wa 1921 ilipoanza, masetla wa Kenya waliafikiana kupunguza mshahara wa Mwafrika kwa theluthi moja. Harry Thuku akawakusanya watu kupinga jambo hilo na mengine, akakamatwa Machi 1922, na umati uliodai aachiliwe Nairobi ukapigwa risasi. Tulipopata senti kumi ya 1921, imechakaa mpaka pembe hazionekani vizuri, tuliipitisha mkono kwa mkono katika mkutano wa tawi. Mzee mmoja aliishika muda mrefu. Alisema baba yake alizitunga kwenye kamba na kuzivaa kiunoni akitoka kazini, ili nyapara asizihesabu kwa macho.

Mkituletea sarafu msizisugue kwanza. Wengi mnadhani mnatusaidia mnapozisugua kwa majivu, mchanga au ndimu mpaka zing'ae. Mnaziharibu. Rangi ile ya kahawia ni ngozi yake, ikichubuliwa hairudi, na mnunuzi anayejua hupunguza bei mara moja. Mfute vumbi kwa kitambaa laini, mfunge katika karatasi kavu, mwaka mwandike juu ya karatasi.

Mpaka sasa tunazo nne. Inayokosekana ni ya Edward wa Nane, mfalme aliyekaa miezi isiyotimia kumi na mmoja, akakiacha kiti Desemba 1936 ili amwoe mwanamke wa Kimarekani. Kwao Uingereza hela yenye uso wake haikuwahi kuingia mikononi mwa watu. Huku kwetu, kwa kuwa hela ya tundu haikuhitaji uso, jina lake liligongwa na kupelekwa sokoni, na mkulima wa pamba akaishika kabla ya Mwingereza. Si adimu wala si ghali. Tazameni mwaka 1936, kisha msome jina kwa uangalifu, kwani mwaka huo zilitoka pia za George wa Tano. Limeandikwa kwa Kilatini, herufi U imekuwa V: EDWARDVS VIII.

Mwenye nayo kikoponi aje Jumamosi ya mshahara, baada ya mkutano. Tutaitazama mbele ya wote, na bei haitazidi ile elfu nane.