Nilidhani nimepata wakili wa bure, kumbe nimepata mwalimu

Jumamosi moja asubuhi nilipanga foleni nje ya ukumbi wa kanisa huku Kayole, simu yenye kioo kilichopasuka mkononi na Sh38,000 kichwani. Deni halikuwa langu. Mimi ndiye niliyekuwa nadai.

Kuna jamaa anauza nguo mtandaoni. Aliniita nimpigie picha za bidhaa na kumwandikia maneno ya kuweka Instagram kwa miezi miwili. Akanitumia kitu kidogo kwa M-Pesa, nikafanya kazi yote, halafu zilizobaki zikageuka hadithi. Mara "wiki ijayo bro", mara anasoma meseji na kunyamaza. Mwishowe akaniblock. Kama unahustle mtandaoni hapa Nairobi, hii stori unaijua.

Beshte yangu ndiye aliyeniambia kuna wanafunzi wa sheria huja mtaani kusikiliza shida za watu bila malipo. Nilienda shingo upande. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokatika, na sikuwa na hamu ya kuketi mbele ya mtu wa rika langu, kadi ya chuo shingoni, anielezee maisha.

Aliyenihudumia alikuwa dada wa mwaka wa tatu. Nilipomaliza kusimulia alitabasamu kama mtu aliyepata swali alilosoma jana. "Kaka, hii ni rahisi. Unaenda Mahakama ya Madai Madogo." Akanieleza kwamba korti hizo zilianza kazi mwaka wa 2021, zinasikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, kesi inafaa kuamuliwa ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Nikaona nimeomoka.

Wakili anayewasimamia akapita nyuma yake, akasikiliza kidogo, kisha akauliza swali moja tu: "Huyu alikuwa ameajiriwa, ama alipewa kazi?"

Dada akanyamaza. Nami nikanyamaza.

Kumbe hapo ndipo mambo yote yalilala. Sheria ya korti hiyo hairuhusu mizozo ya ajira. Ukiwa mwajiriwa unayedai mshahara, unaelekezwa kwingine. Lakini ukiwa mtu aliyepatana kufanya kazi fulani kwa bei fulani, yaani mkataba wa kutoa huduma, mlango uko wazi. Ukikosea mlango, unapoteza muda na ada ya kufungua kesi.

Basi tukaanza upya. Nani alikuwa akikupangia saa za kazi? Kamera ilikuwa ya nani? Ungeweza kuwafanyia watu wengine kazi wakati huo huo? Mlipatana kwa mwezi ama kwa kazi nzima? Tulipekua meseji za WhatsApp karibu saa nzima, yeye akiandika kwenye daftari, hadi tukapata ile sauti jamaa aliyonitumia akisema "picha zote na maandishi, elfu hamsini, tumalize hivyo". Alikuwa amelipa elfu kumi na mbili. Hesabu ikakubali.

Baadaye aliniambia kwamba tofauti hiyo ya mwajiriwa na mtu wa kandarasi aliisoma darasani na akapita mtihani. "Lakini mtihani hauji na screenshot mia mbili," akasema. Darasani swali huja limenyooka, ukweli wote uko kwenye aya moja. Mtaani mtu anaanza na alichoambiwa na shemeji yake, halafu jambo lenye uzito analitaja akiwa tayari amesimama kwenda. Lazima ujifunze kusikiliza kabla ya kujibu.

Na foleni ile ilikuwa na kila kitu. Mbele yangu alikuwa mama ambaye mwanawe alishikwa kwenye msako usiku wa kuamkia siku hiyo. Wanafunzi wawili walimweleza kwamba Katiba inataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku inayofuata ya korti saa hizo zikiishia wikendi. Tena, kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita, mtu hafai kuzuiliwa rumande. Wakamwambia pia kwamba bondi ya polisi hailipiwi. Mama akauliza, "Sasa hiyo pesa wameniitisha ni ya nini?" Hakuna aliyecheka.

Nyuma yangu alikuwa dada ambaye landilodi alitia kufuli mlangoni vitu vyake vikiwa ndani. Analipa Sh2,000 kwa mwezi. Kwa nyumba za kodi isiyozidi Sh2,500 kuna jopo maalum la mizozo ya kodi, na landilodi hawezi kukutoa kwa kufuli tu bila amri. Dada huyo alikuwa amelala kwa jirani siku nne bila kujua hilo.

Mpango kama huu una mizizi kisheria. Sheria ya Usaidizi wa Kisheria ya mwaka wa 2016 inavitambua vyuo vikuu vyenye kliniki za sheria miongoni mwa wanaoweza kutoa msaada huo. Ila kuna mpaka. Mwanafunzi hawezi kusimama kortini kukutetea. Lazima amalize shahada, apite Kenya School of Law, afanye mafunzo chini ya wakili, ndipo aapishwe. Kwa hivyo wanasikiliza, wanakusaidia kuandika, wanakuelekeza, na wakili msimamizi anakagua.

Sasa niseme lililoniuma. Tuliandika barua ya kudai, nikaituma, jamaa akanyamaza. Niliporudi Jumamosi iliyofuata, ukumbi ulikuwa umefungwa. Muhula ulikuwa umeisha. Wanafunzi wako nyumbani, na hakuna aliyeachwa na faili. Wiki tatu nilikaa na hasira: kumbe shida zetu ni za kupatia watu alama, wakifunga shule nasi tumefungiwa.

Lakini dada alikuwa amenipa karatasi moja: andika nini, ambatanisha nini, uliza nini kwa karani. Nikaisoma tena. Nikachapisha meseji na rekodi za M-Pesa saiba, nikaenda kufungua kesi mwenyewe, mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili.

Siku jamaa alipopata stakabadhi za korti, ali-unblock namba yangu saa hiyo hiyo. Tulielewana kwa maandishi, akalipa mara mbili.

Nilipomwambia dada shule ilipofunguliwa, alifurahi kwanza, kisha akasema, "Tulifaa kukupigia simu." Ni kweli. Hilo pia ni somo la sheria: mtu akikukabidhi shida yake, kalenda ya chuo si sababu. Vyuo vinavyotuma wanafunzi mtaani vipange zamu za likizo, ama vimwachie faili wakili au msaidizi wa kisheria anayeishi hapo. Yule mama wa mtoto aliyeshikwa hangengoja muhula ufunguliwe.

Wewe nawe, ukisikia kliniki kama hiyo iko mtaani kwenu, usiende mikono mitupu. Beba kitambulisho, meseji usizifute, chapisha rekodi za M-Pesa, na andika tarehe ukiwa bado unazikumbuka. Na kabla hujaanza kazi ya mtu, mwambie aandike bei. Hata kwa WhatsApp inatosha.

Dada yuko mwaka wa nne sasa. Mimi bado sina digrii, lakini wiki iliyopita beshte alinijia analia kuhusu mteja aliyekataa kumlipa. Kabla hajamaliza nikamuuliza, "Ulikuwa umeajiriwa, ama ulipewa kazi?"