Dawa Inapokwama Mwilini

Antibayotiki hapa Mombasa nani asiyezijua? Mtu akiumwa koo huenda Mwembe Tayari, akaingia duka la dawa, "Kaka, nipe zile za rangi mbili," akapewa, akaenda zake. Lakini dawa hiyo ikishaua viini huenda wapi? Hapo wengi hatujiulizi.

Nyingi hutolewa na figo, zikatoka na mkojo. Figo zikiwa mbovu, dawa hukwama. Chukua sefepime, ambayo hudungwa hospitalini. Kwa mtu mwenye figo nzima, nusu yake huondoka damuni kwa saa 2 hivi. Kwa mgonjwa wa kusafishwa damu kwa mashine, kama wale waendao Hospitali Kuu ya Pwani hapa kisiwani, nusu hiyo huchukua kama saa 13 na nusu. Dozi ya pili yaikuta ya kwanza bado imo, na ya tatu nayo yaja. Ni karo iliyoziba na mfereji u wazi.

Ikizidi, hupenya ubongoni. Ubongo una kemikali yake ya kuutuliza, na sefepime, kama penisilini, huizuia isifanye kazi. Tuseme ni bibi wa Kibokoni. Siku ya 4 ya dawa amwita mjukuu kwa jina la marehemu nduguye, mikono yamrukaruka, hajui ni asubuhi au jioni. Wengine hupata kifafa, tena kipo kifafa kisicho na mtikisiko: mtu hukodoa macho tu, kimya. Jirani atasema kapandwa na jini. Mimi simlaumu, maana hata daktari huweza kudhani ni uchafu wa damu uliozidi kwa sababu ya figo. Dalili zafanana mno.

Mwaka 2012 idara ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu kifafa hicho cha sefepime. Wengi waliopatwa walikuwa na figo mbovu na dozi haikupunguzwa. Siprofloksasini nayo, ile ya vidonge, yaweza kuvuruga akili.

Uzuri ni kwamba daktari akiisimamisha au kuibadilisha dawa, wengi hurudi sawa kwa siku chache, na mashine husaidia kuitoa. Si kuitupa wenyewe nyumbani, kwani viini navyo huua. Bibi apelekwe upesi, na anayempeleka aseme mapema, kabla ya kuulizwa: "Daktari, huyu ana ugonjwa wa figo, na dawa hii alianza Jumatatu."