Mji Wetu Uko Mgongoni: Tushike Mvua Kabla Haijateremka

Wamama wa Kasumbalesa, kila mwaka kipwa kikifika tunaulizana swali lile lile: kwa nini mji mkubwa kama huu, wenye malori mengi na pesa nyingi zinazopita, hauna hata mto mmoja wa kutosha? Jibu liko katika ramani. Mpaka wa Kongo na Zambia katika upande wetu, uliokubaliwa mwaka 1894 kati ya Mfalme Leopold II na Waingereza, ulifuata mgongo wa nchi. Mvua inayonyesha upande huu inateremka kwenda mto Kongo. Inayonyesha upande ule inateremka kwenda Kafue, kisha Zambezi. Sisi tumejenga juu ya mgongo wenyewe, kama mtu aliyejenga nyumba kwenye ncha ya paa. Maji yote yanatukimbia, kila moja kwa njia yake.

Kwa hiyo maji tunayoteka kwenye kisima na kwenye foraji ni mvua iliyoingia udongoni. Hakuna mto mkubwa unaotuletea mengine kutoka mbali. Mvua ikichelewa, kisima kinashuka. Mvua ikipungua, kisima kinakauka mwezi wa Septemba badala ya Novemba, na hapo ndipo tunawaona mabinti wetu na bidoni kichwani saa ambayo wenzao wako darasani.

Hili si jambo la kusikia kwa mbali. Katika msimu wa 2023 na 2024 mvua iliikosa Zambia vibaya sana, na tarehe 29 Februari 2024 Rais Hichilema alitangaza ukame huo kuwa janga la taifa. Mahindi yakaungua shambani, ziwa la Kariba likashuka, umeme ukakosekana. Sisi tunaonunua unga wa bukari kutoka upande ule tunajua maana yake. Wataalamu wa tabianchi wanasema kusini mwa Afrika joto litaendelea kupanda na ukame utarudi mara nyingi zaidi. Kasumbalesa iko mlangoni mwa eneo hilo.

Kuna wanaosema maji yapo, tuchimbe tu. Ni kweli yapo. Hapo ng'ambo, Chililabombwe, mgodi wa Konkola unajulikana kuwa kati ya migodi yenye maji mengi kuliko yote duniani. Mapampu yake yanatoa maji usiku na mchana ili wachimbaji wasizame. Lakini maji hayo yako chini sana, na kuyatoa kunahitaji mashine ambazo kikundi cha wamama hakiwezi kununua. Hata foraji ya kawaida ya kartie, yenye pampu ya umeme, umeme ukikatika inakaa kimya.

Basi tuangalie juu. Lubumbashi na eneo letu hupata kama milimeta 1,200 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Machi. Hesabu yake ni rahisi: milimeta moja ya mvua juu ya meta mraba moja ya bati ni lita moja. Nyumba yenye paa la meta mraba 40, ikinyeshewa mvua moja nzito ya milimeta 25, inamwaga chini lita 1,000. Hizo ni bidoni 50 za lita 20, kwa alasiri moja tu, na kesho yake asubuhi tunapanga mstari kununua maji!

Tuendelee na hesabu, maana hapa ndipo penye faida. Jamaa ya watu 7, kila mmoja akitumia lita 5 kwa kunywa na kupika, inatumia lita 35 kwa siku. Tangi la lita 1,000 litawatosha wiki 4. Tangi la lita 5,000 litawafikisha siku zaidi ya 140, karibu kipwa kizima kuanzia Mei mpaka Septemba. Lakini kwa sharti moja: tangi liwe limejaa mvua ya mwisho inapoondoka, mwezi wa Machi au Aprili, kisha lifungwe kwa kufuli na liwe la kunywa na kupika peke yake. Kufua na kuosha, tuendelee na kisima. Tangi linaloachwa wazi kwa kila kazi mwezi wa Mei litakuwa tupu mwezi wa Juni, na watoto wataanza tena safari.

Usafi hauna mchezo, hasa kwetu ambao kipindupindu tunakijua. Mvua za kwanza za msimu zioshe paa na zimwagwe. Mdomo wa tangi ufunikwe kwa wavu ili mbu wasizalie ndani. Mwanga usiingie, maana mwanga unaotesha ukijani. Kabla ya kunywa, maji yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini. Na niseme wazi: mama anayekaa kando ya barabara kubwa, mahali malori ya madini yanapopita na kumwaga vumbi lao juu ya mabati, maji ya paa lake ni ya kufua, si ya kunywa. Kuchemsha kunaua wadudu, hakuondoi madini.

Tangi ni ghali kwa mama mmoja. Kwa kikundi, ni jambo la kupangwa. Katika Kenya ya kati, miaka ya 1960 na 1970, wamama walichangishana pesa na kununuliana mabati, nyumba moja baada ya nyingine, mpaka watu wakawaita vikundi vya mabati. Walianza kwa kutafuta paa lisilovuja; paa likawapa maji safi, na wengi wakaendelea kuchangia matangi. Ni likelemba yetu hii hii, tofauti ni kwamba mwenye zamu hapokei pesa mkononi, anapokea bati au tangi. Mimi ningependa zamu ya kwanza iende kwa nyumba yenye mtoto mchanga au bibi asiyeweza kubeba ndoo, wala si kwa mwenyekiti.

Kuna jambo la pili ambalo halihitaji pesa nyingi: dembo. Bonde lile lenye majani na udongo mweusi, ambapo wamama wanalima mboga, linashika maji ya mvua kama sifongo na kuyaachilia pole pole kipwa kinapoingia. Tukijenga nyumba na vyoo ndani yake, na tukikata miti yote inayolizunguka kwa ajili ya makala, mvua itapita juu ya ardhi ngumu na kwenda zake. Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977 kwa sababu wamama wa vijijini walimwambia vijito vyao vinakauka na kuni zimekuwa mbali. Walipanda miche kwa mikono yao. Sisi tupande miti ya kwetu, kama musuku, na eukaliptusi tuiweke mbali na visima, maana inakunywa sana. Choo nacho kiwe angalau meta 30 kutoka kisima, upande wa chini.

Haya yote hayawaondolei wakubwa wa mji kazi yao. Katiba ya 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa, na sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 ilifungua mlango kwa wengine kugawa maji pamoja na REGIDESO. Kikundi kinachokwenda kuonana nao kibebe karatasi yenye hesabu: nyumba ngapi katika kartie, visima vingapi, vipi vilikauka na mwezi gani. Kuhesabu visima tunaweza kuanza wiki hii, kabla mvua hazijavijaza tena.