MTOTO ACHUCHUMAAYE NJIANI

Ukishuka mwaloni Nkome alfajiri, wakati mitumbwi ya dagaa irudipo na karabai zimekwisha kuzimwa, utawaona watoto wakikimbizana mchangani katikati ya nyavu na vichanja. Mtafute yule asiyekimbia. Huenda hatua kumi, kisha huchuchumaa, magoti kifuani, akihema. Midomo yake na kucha zake zina rangi kama ya mtoto aliyelamba wino. Wenziwe humwita mvivu. Jirani husema karogwa. Mama yake amezunguka naye kwa waganga hata kuku wakamwishia uani, wala hajapata jibu.

Ndugu msomaji, mtoto huyo si mvivu wala hakurogwa. Kuchuchumaa kwake ni dawa aliyojigundulia mwenyewe. Amezaliwa na tundu katika ukuta utengao vyumba viwili vya chini vya moyo, na njia ya damu kwenda mapafuni imebana. Kwa hiyo damu isiyo na hewa safi huvuka tunduni ikaenea mwilini. Achuchumaapo, mishipa ya miguu hubanwa, damu nyingi zaidi husukumwa kupita mapafuni, naye hupata nafuu ya dakika chache. Watoto wazaliwao na kasoro ya moyo, ya namna hiyo au nyingine, hukaribia mmoja katika kila 100, ulimwenguni kote.

Yafaa wafanyakazi wajue ni nani aliyefungua njia ya kuwaponya watoto hawa. Tarehe 29 Novemba 1944, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, Dk. Alfred Blalock alimpasua mtoto wa namna hii kwa mara ya kwanza, kufuata wazo la Dk. Helen Taussig. Nyuma ya bega lake alisimama mtu mweusi juu ya kistuli, akimwelekeza. Mtu huyo, Vivien Thomas, alikuwa fundi seremala. Fedha alizojiwekea za kwenda chuoni zilipotea benki ilipoanguka, na katika chuo alikofanya kazi kwanza, huku akifanya utafiti, aliandikwa daraja la mfagiaji. Lakini ndiye aliyekuwa ameujaribu upasuaji ule kwa mbwa mara nyingi hata mkono ukauzoea. Shahada ya heshima alipewa mwaka 1976.

Kwetu Tanzania, hadi mwaka 2008 mgonjwa aliyehitaji kufunguliwa moyo alipelekwa ng'ambo, hasa India, tena kwa zamu. Wengi zamu yao haikufika. Mwaka huo upasuaji ulianza Muhimbili, na mwaka 2015 ikasimama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Huko matundu mengine huzibwa hata bila kupasua kifua, kwa mrija mwembamba upitishwao katika mshipa wa paja. Bugando nako, Mwanza, mioyo imekwisha kupasuliwa, na mmoja wa madaktari waliotoka huko, Dk. Godwin Sharau, alikaa miaka kadhaa Israel akijifunza kazi ya mioyo ya watoto. Twajivunia hayo, na tuna haki ya kujivunia.

Lakini fahari hailipi nauli. Kutoka Nkome mtu huenda Geita, kisha Busisi, ambako tangu Juni 2025 daraja la kilomita 3 limeondoa adha ya kungoja kivuko; akifika Mwanza, Dar es Salaam ingali mbali zaidi ya kilomita 1,000. Baba anauza dagaa wa leo ili wale leo, au anabeba mawe ya dhahabu katika mashimo ya wachimbaji wadogo. Akiondoka miezi miwili, nani atawalisha waliobaki? Ardhi ya Geita imetoa dhahabu tangu miaka ya 1930, nasi hatuoni aibu kuuliza ni kiasi gani chake kilichopata kumfikisha mtoto wa huku hospitalini. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilitungwa mwaka 2023. Kwa mvuvi, thamani yake itapimwa siku mtoto wake atakapoandikiwa barua ya rufaa.

Yako maradhi mengine ya moyo ambayo mtoto hakuzaliwa nayo, na haya ndiyo yatuumizayo zaidi, kwa kuwa yangezuilika. Huanza kwa mafindofindo. Koo huuma, hupona; baada ya wiki mbili tatu magoti na viwiko huvimba kwa zamu, na watu husema mtoto anakua. Kumbe ni homa ya baridi yabisi, ambayo ikirudi mara kwa mara huharibu milango ya moyo, ziitwazo valvu. Koo lile lingetibiwa mapema kwa penisilini, dawa rahisi kabisa, jambo lingekwisha. Na hata homa ikiisha kumpata, sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne, miaka mingi bila kukosa, humkinga isirudi.

Akichelewa, hutiwa valvu ya chuma, na hapo huanza mzigo mwingine: dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku maisha yake yote, na kupimwa damu mara kwa mara. Ikizidi, atatokwa damu. Ikipungua, valvu itaziba. Binti aliyewekewa valvu hiyo, siku atakapochukua mimba, atakuwa hatarini yeye na mwanawe. Nani atampima kambini?

Basi kazi kubwa haiko Muhimbili. Iko kwa mganga wa zahanati amwekaye mtoto kila chanjo chombo cha kusikilizia moyo kifuani, na amwulizaye mama kama mwanawe hutoka jasho anyonyapo. Iko pia katika kadi ya sindano. Watu wa mwaloni huhama. Samaki wakihama nao huhama, na penye fununu ya dhahabu kijiji huota kwa mwezi mmoja. Mtoto aliyeanza sindano Nkome mwezi huu, mwezi ujao yuko Izumacheli na baba yake, na daftari lenye jina lake limebaki ng'ambo ya maji. Mama apewe kadi yake mwenyewe mkononi, iliyoandikwa tarehe ya sindano ijayo, na zahanati yoyote atakayofika imchome bila kumwuliza katoka wapi.