Mapezi ya Mzamiaji na Namna ya Kupiga Miguu

Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800, na ukinzani wake hukua kwa kasi kuliko mwendo wenyewe, kwani anayetaka kwenda maradufu hukabiliwa na ukinzani unaokaribia mara nne. Kwa sababu hiyo mzamiaji anayepiga miguu kwa pupa huumaliza mtungi wake wa hewa mapema bila kufika mbali, na mapezi, hata yawe ya bei gani, hayawezi kumwokoa.

Louis de Corlieu, afisa wa jeshi la majini la Ufaransa, alipata hataza ya mapezi ya miguuni mwaka 1933, miaka kumi kabla ya Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan kuunda kifaa kinachompa mzamiaji hewa ya mtungini kila anapovuta pumzi. Tangu wakati huo maumbo yameongezeka sana, ingawa aina kuu zimebaki mbili. Kuna mapezi yanayovaliwa kama kiatu, yakaufunika mguu pamoja na kisigino, ambayo ni mepesi na yanafaa maji ya vuguvugu na safari za kuruka kutoka mashuani. Kuna pia yaliyo wazi nyuma, yanayofungwa kwa mkanda na kuvaliwa juu ya buti laini la kuzamia. Haya humfaa anayeingia baharini kwa miguu, akipita juu ya miamba na miiba ya urumba, au anayezamia maji ya baridi.

Anayenunua mapezi ya aina hii ya pili hana budi kuyajaribu akiwa amevaa buti lilelile atakalolitumia, kwani pezi linalobana vidole huleta mkakamao wa misuli, na linalopwaya hupoteza nguvu kabla haijalifikia bapa, yaani ile sehemu pana inayosukuma maji. Bapa gumu husaidia penye mkondo mkali, kama ule wa mlango wa Pemba, lakini hudai mapaja yenye nguvu. Anayeanza hufanya vyema kuchagua lenye ugumu wa wastani, hata kama muuzaji anasifia zaidi lile la mabingwa.

Katika pigo la kawaida, ambamo miguu hupishana juu na chini, nguvu hutoka nyongani, goti likiwa limelegea kidogo tu na kifundo kikiwa kimenyooshwa. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kukunja na kukunjua magoti peke yake, jambo linalolifanya bapa liteleze majini badala ya kuyasukuma. Aidha, mwili unapaswa kulala sambamba na sakafu ya bahari, kwa sababu anayeogelea huku miguu imening'inia huongeza ukinzani na kutimua mchanga kwa kila pigo.

Hapo ndipo mtindo wa chura unapostahili kupewa uzito kuliko unavyopewa katika mafunzo mengi ya mwanzo. Mzamiaji hukunja magoti, huinua mapezi juu ya usawa wa mwili, hugeuza nyayo zitazame nje, kisha huzileta pamoja huku akiyasukuma maji nyuma. Kwa kuwa maji hayo hayaelekei chini, mchanga hautimki na matumbawe hayaguswi. Katika Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, kama ilivyo kwenye miamba yote, jambo hili si dogo, kwani matumbawe ya mviringo hukua kwa takriban sentimita moja tu kwa mwaka, na teke moja la kutoangalia laweza kuvunja kilichojengwa kwa miongo.

Mazoezi yake hufaa yafanyike juu ya mchanga mtupu, mbali na matumbawe, ambapo mwanafunzi hupiga pigo moja, huacha mwili uteleze mpaka ukaribie kusimama, ndipo apige jingine.